Nani Anaiwasha Kompyuta Yangu

Jumamosi, Machi 9

Mvua ya siku ya nne. Kompyuta imeganda mara tatu ndani ya saa moja.

Saa hiyo moja ndiyo yangu kwa wiki nzima. Kila Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni, mimi na mdogo wangu tunaendesha malori. Yeye yuko nchi ya mbali, anafua mashuka ya hoteli. Mimi niko hapa, napakia mikate kiwandani. Kwenye mchezo kila mmoja ana lori lake. Tunafuatana, tunapeleka mizigo ya uongo kwenye miji ya uongo, na tunaongea kwa maiki. Baba Bosi anasema ni utoto. (Bosi ni binti yetu, ana miezi minane na anatuamrisha wote.) Kitu asichokijua baba Bosi ni kwamba mdogo wangu akipiga simu husema "mzima dada, mzima kabisa" na kukata. Lakini akishashika usukani wa lori, ulimi unamlegea. Mwezi uliopita, tukipanda mlima, aliniambia kwamba msimamizi wao anawahesabia hata dakika za chooni. Kwa simu asingelisema hilo hata kwa dawa.

Leo alianza hivi: "Dada, kuna kitu nataka kukwambia..." Skrini ikaganda. Ilipoamka, alikuwa ameshaghairi.

"Kitu gani?"

"Ah, wala. Tulikuwa tunasema nini vile?"

Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, limekuja tangazo. Tarehe 27 Aprili wenye mchezo wanaleta toleo jipya, na la zamani wanalifunga siku hiyohiyo. Toleo jipya linataka kadi ya picha yenye nguvu zaidi. Kadi ya picha ni kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachochora barabara na kila unachokiona. Yangu ni ya zamani. Hii kompyuta nilipewa na bosi wa ukumbi wa michezo ya kompyuta nilikokuwa nafanya kazi kabla sijaolewa. Alipofunga ukumbi alitugawia mashine badala ya mshahara wa mwisho.

Akiba tuliyonayo ni ya kitanda cha mtoto. Bosi bado analala katikati yetu, miguu yake mbavuni mwangu.

Jumanne, Machi 12

Mvua. Nepi za kitambaa, kwa sababu zile za kutupa zilimletea mtoto vipele. Hata hivyo nikirudi kazini nazikuta zimekauka zote na kukunjwa. Sijui mama mkwe, aliyekuja kutusaidia na mtoto, anafanyaje. Nikimuuliza anasema, "Wewe kalale."

Alhamisi, Machi 14

Nimeipeleka mashine kwa Fundi Bisibisi, mwenye kibanda karibu na duka la dawa. Nilikuwa na Bosi mgongoni. Alifungua boksi mbele yangu, akachomoa kadi, akaipuliza, akatoa kitu kama pamba kwenye feni yake na kukiweka juu ya karatasi.

"Mama, hii mashine inachezwa kutwa."

"Saa moja kwa wiki."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. "Saa moja kwa wiki haichoshi hata simu. Hii kadi imepikwa. Na huu uchafu si vumbi, ona. Ni nyuzi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo iache hapa siku mbili niisafishe. Halafu tuzungumze habari ya kadi nyingine."

Tuzungumze! Nikajua tumefika alikokuwa ananipeleka. Nyuma yake kulikuwa na rafu imejaa kadi, kama karanga zinazosubiri wanunuzi. Mtu mwenye kadi za kuuza ataacha kuona kadi yangu imepikwa?

Jumamosi, Machi 16

Mashine bado iko kwa fundi. Mdogo wangu amepiga simu. Mzima. Mzima kabisa. Dakika mbili.

Jumatatu, Machi 18

Mashine ilirudi jana. Leo nimetoka kazini saa saba, nikavua viatu, nikapita karibu na meza na kuweka mkono juu ya boksi. Lina joto. Si la jua, maana jua tulilisahau. Joto kama la mtu aliyeamka kitandani sasa hivi.

"Mama, kuna aliyewasha kompyuta?"

"Mimi nitajulia wapi hayo makompyuta?" akasema mama mkwe bila kugeuka. Alikuwa anakunja nepi.

Jumanne, Machi 19

Joto.

Jumatano, Machi 20

Joto. Na umeme tulionunua Jumapili umeisha leo, wakati huwa unatufikisha Ijumaa.

Jumamosi, Machi 23

Imeganda mara mbili. Ya pili haikuamka tena. Mdogo wangu alikuwa ananiambia amehamishwa chumba, wanalala sita.

Nimefungua boksi mwenyewe. Nje limebandikwa jina la aina moja ya kadi, lile bosi wangu wa zamani alilokuwa akijisifia kwa wateja. Ndani, kadi ina jina jingine kabisa. Nimesoma mara tatu, taa ya simu mdomoni. Jina jingine.

Amenibadilishia.

Jumatatu, Machi 25

Nimekwenda. Kibandani kulikuwa na wateja wanne na mama mmoja anayesubiri redio. Sikusalimia.

"Kadi yangu iko wapi?"

"Ipi, mama?"

"Ile halisi. Uliyoitoa."

Akaweka chini bisibisi yake. "Mama, nilichokitoa ndicho nilichokirudisha."

"Nje kumeandikwa hivi, ndani hivi. Wewe unaniona sijaenda shule?"

"Karatasi ya nje mtu yeyote anaweza kubandika. Ni kama kofia ya polisi, kuivaa tu si kuwa polisi. Aliyekupa mashine ndiye..."

"Usimsingizie mtu ambaye hayupo!"

"Basi nisikilize. Kuna njia ya kufanya bila kununua..."

Sikumsikiliza. Nilisema maneno mengi, na kwa sauti. Yule mama wa redio akaichukua redio yake na kuondoka, ingawa ilikuwa bado haijatengenezwa. Fundi alimwangalia hadi akapotea.

Nilirudi nimenyooka kama niliyeshinda kesi. Nilipofika nyumbani nilimpa Bosi titi bila hata kuvua viatu.

Alhamisi, Machi 28

Mvua. Boksi lina joto. Fundi hawezi kuwa anakuja kuniwashia. Kwa hiyo kuna mwingine.

Jumamosi, Machi 30

Leo nimegundua. Mchezo wenyewe una sehemu inayoandika umecheza kwa jumla ya saa ngapi ndani ya wiki mbili. Wiki mbili hizi nimecheza saa moja na kidogo. Pale pameandikwa hamsini na nane.

Hamsini na nane! Na lori langu halijasogea hata mtaa mmoja kutoka pale nilipoliacha Jumamosi iliyopita. Kuna mtu anaingia kwenye mchezo wangu, na anafuta nyayo zake vizuri.

Nyumbani tuko watu wazima watatu. Mmoja ni mimi. Mwingine hajui hata simu ya kubonyeza. Anabaki nani?

Jumapili, Machi 31

Ngoja niandike kama ilivyokuwa, maana kesho nitaanza kujitetea mwenyewe.

Baba Bosi alikuwa anakata kucha mlangoni. Anafanya kazi kwenye ghala la rangi, na hata Jumapili kucha zake zina rangi. Nikamuuliza huwa anarudi saa ngapi mchana.

"Mchana? Nani anarudi mchana?"

"Wewe."

"Mke wangu, nina bosi mmoja ghalani na mwingine kitandani. Nitoroke wa kwanza nije kwa wa pili, anivute masharubu?"

Siku nyingine ningecheka. Nikamwonyesha skrini. Akasoma, akauliza, "Hizi saa ni zako?"

"Ningekuwa nazo ningelala."

"Sasa unasema ni mimi."

"Mimi sisemi. Mashine inasema. Uliniambia kadi ni utoto, akiba ya mtoto isiguswe. Kumbe utoto mtamu ukiwa peke yako?"

Aliweka wembe wa kucha mezani. Jikoni, sahani zilizokuwa zinalia zikanyamaza.

"Sijawahi kuigusa mashine hii," alisema. "Tangu tuoane. Unajua kwa nini? Nilikusikia siku moja unaongea na mdogo wako, unacheka, halafu ukawa unambembeleza asilie. Nikasema hicho ni chumba chao wale. Nikawa napita mbali, nisije nikakwaza waya. Na wewe unanipima kwa saa."

"Kama si wewe ni nani?"

"Hilo hukuniuliza. Umeniambia."

Akavaa viatu, akatoka mvuani bila mwavuli. Mama mkwe alitokea jikoni na kusimama pale mlangoni, kitambaa cha sahani mkononi, mdomo wazi kama anayetaka kusema kitu. Nikajua analotaka kusema. Tangu afike msimu huu kutusaidia na mtoto, ananitazama. Ninavyokaa, ninavyoosha vyombo, mwanamke mzima na maiki mdomoni naendesha gari lisilokuwepo. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, leo usinihukumu."

Akafunga mdomo. Akarudi jikoni.

Jumanne, Aprili 2

Baba Bosi anaongea na mimi kupitia mtoto. "Bosi, mwambie mama yako chai ipo."

Jumatano, Aprili 3

Joto.

Jumamosi, Aprili 6

Imeganda dakika ya kumi. Mdogo wangu alisema, "Dada, labda tuache tu. Tutakuwa tunapigiana simu."

Nilijibu haraka, hapana, nanunua kadi mpya, nanunua kabla ya tarehe 27. Nimesema hivyo bila kumuuliza mtu. Kitanda cha mtoto kitasubiri. Lakini nikinunua, ninamnunulia nani? Mtu nisiyemjua atakuja kuipika na hiyo.

Jumatatu, Aprili 8

Mashine ya kukandia unga imevunjika, tumerudishwa saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa inapiga mabati hadi sikusikia hatua zangu. Nikafika mlangoni, nikasikia ngurumo ya injini.

Ndani ya nyumba yangu. Lori.

Nikasukuma mlango taratibu. Nilikuwa nimeshika mwavuli kama rungu.

Kamba ilikuwa imefungwa kutoka kwenye kiti hadi kwenye kitasa cha dirisha, ikipita nyuma ya boksi la kompyuta, kule feni inakotolea hewa. Kwenye kamba kulikuwa na nepi kumi na mbili. Zilikuwa zinapepea. Kwenye skrini lori langu limesimama uwanjani, linanguruma. Mama mkwe ameketi mbele yake na Bosi mapajani, na wote wawili wanalitazama lile lori kama watu waliokwenda sinema.

"Mama."

Aliruka nusura amdondoshe mtoto. "Umefukuzwa kazi?"

"Mashine ya unga imeharibika. Mama, hiki ni nini?"

"Nepi."

"Nepi naziona. Lori linafanya nini?"

"Limesimama tu, mwanangu. Sijaliendesha. Naapa sijaligusa hata kidogo."

Nikakaa kwenye sakafu na viatu vyangu vya matope.

Akanieleza. Jumamosi ya kwanza tangu afike, alikaa nyuma yangu nikicheza, na soksi mbichi ya Bosi ilikuwa imeanguka nyuma ya boksi. Tulipomaliza, soksi ilikuwa imekauka. Kesho yake akajaribu na nepi moja. "Ukiwasha kompyuta peke yake haitoi kitu. Ila ukibonyeza ile picha ya lori mara mbili, kama unavyofanya wewe, inapuliza joto kama pasi. Saa sita nazitoa, nazima, nakunja kamba. Wewe saa saba unaingia."

"Na siku nilipokuuliza?"

"Niliona haya. Mwanangu alishaniambia, mama, chochote ila kile cha mke wangu usikiguse."

"Na tulipogombana? Ulikuwa unasikia!"

Macho yake yalikuwa kwa mtoto. "Nilitaka kusema. Nilitoka jikoni nikasimama pale. Ukaniambia nisikuhukumu. Nikasema nitasema kesho. Kesho nikakuona umevimba macho, nikasema keshokutwa."

"Na ukaendelea kuiwasha."

"Nepi zingekaukaje?"

Nikacheka. Sikutaka, lakini kicheko kilinitoka chenyewe. Yeye hakucheka.

"Unajua siku ya pili tangu nifike nilikuta nini? Ilikuwa alfajiri, kabla hujatoka kwenda kazini. Umesimama pale unapiga pasi nepi mbichi, na umelala. Umesimama, pasi mkononi, macho yamefumba. Nikasema huyu ataungua, na mimi nimekaa hapa natazama. Wewe ukidhani nakutazama nikutafutie kosa."

Nilikuwa nimedhani hivyohivyo.

Jumanne, Aprili 9

Nimemwomba baba Bosi msamaha uso kwa uso, bila kumpitisha mtoto katikati. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akamwita mama yake. "Mama, saa hamsini na nane! Ungekuwa umeshafika mpakani." Mama mkwe akamtupia kitambaa. Jioni hii amepigilia kamba juu ya jiko, na nepi zimehamia huko.

Lakini ameniambia na hili: "Uliniamini mimi mwisho, baada ya mashine." Ni kweli.

Jumatano, Aprili 10

Boksi ni baridi. Nimeligusa mara mbili hata hivyo. Mkono umezoea.

Jumamosi, Aprili 13

Imeganda mara moja tu. Tumezungumza habari za Bosi. Mdogo wangu ameuliza, "Kadi umeshaipata?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiandaa kusikia hapana.

Jumatatu, Aprili 15

Nilizunguka duka la dawa mara mbili kabla ya kuingia kibandani. Kulikuwa na wateja watatu. Mmoja alinikumbuka. "Ee, mama wa kadi iliyoibwa!"

Nilikuwa nimepanga kumwita fundi pembeni. Lakini siku ile sikumtukana pembeni. Kwa hiyo nikasema palepale, mbele yao, kwamba kadi ilikuwa yangu tangu mwanzo (bosi wangu wa zamani amekiri kwa simu kwamba karatasi ya nje aliibandika yeye kuvutia wateja), nyuzi zilikuwa za nepi zetu, joto lilikuwa la kwetu, na huyu fundi hakuniibia hata msumari. Wateja walivunjika mbavu kwa habari ya nepi. Fundi hakucheka.

"Yule mama wa redio hajarudi hadi leo," alisema.

"Nielekeze kwake nikamwambie."

Akanyoosha bisibisi kuelekea barabarani. "Anakaa nyuma ya stendi. Nenda."

"Nitakwenda leo. Na nataka kununua kadi. Kwako."

"Mimi sikuuzii."

Nilidhani sikusikia. "Kwa nini?"

"Mama, wewe ukinunua kwangu, siku ikiganda sekunde moja utakuja hapa na mwavuli. Nitakuwa silali." Wakacheka tena, safari hii hata yeye kidogo. "Na sababu ya pili. Hizi za rafuni nilizozipata kwa bei nafuu zilifanyishwa hesabu usiku na mchana na matajiri wanaozalisha pesa za mtandaoni kwa kompyuta. Zimechoka kuliko yako. Mpya zipo mjini, lakini bei yake wewe na mimi tuiache. Siku ile nilianza kukwambia, ukanikata. Toleo jipya litakubali kwenye hiyohiyo uliyonayo, nikiisafisha na ukishusha picha mpaka chini kabisa."

"Chini kabisa ndiyo nini?"

"Hakuna miti. Hakuna kivuli, hakuna mvua. Vitu vya mbele vinatokea vikiwa vimeshafika puani. Barabara itakuwa kama ubao. Lakini itakwenda. Sauti haipungui."

Nikamuuliza anapata faida gani kuniambia hivyo badala ya kuniuzia. Swali lilinitoka kabla sijalizuia.

"Umeona?" akawaambia wateja. "Hata sasa."

Nilimwachia mashine. Sikuhesabu skrubu.

Kisha nikaenda nyuma ya stendi. Mama wa redio alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Alisema, "Nitaona."

Alhamisi, Aprili 18

Jua limewaka saa mbili nzima. Nepi zote nje. Fundi amesema mama wa redio amekuja.

Ijumaa, Aprili 19

Kitanda kimeletwa. Bosi amekikataa.

Jumamosi, Aprili 20

Toleo la zamani, mara ya mwisho. Haijaganda hata mara moja. Nimemwambia mdogo wangu sinunui kadi, na nimemweleza nitakavyokuja na picha ya chini kabisa. Akasema, "Utakuwa huoni kitu, dada." Nikasema utaona wewe.

Jumamosi, Aprili 27

Fundi hakudanganya. Dunia yote imebaki ukanda wa lami, na pande mbili rangi ya udongo. Lori la mdogo wangu ni sanduku lenye magurudumu. Vipokea sauti vya masikioni vimekatika waya wiki hii, maiki tu ndiyo imebaki, kwa hiyo sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika na nyumba nzima inasikia. Nilimwonya. Akasema haidhuru.

Yeye alikuwa mbele. "Kushoto kuna ziwa."

"Sioni ziwa."

"Lipo. Kuna na ndege. Sasa kunakuja njia panda, kata kulia."

"Hakuna njia panda."

"Dada, kata kulia!"

Nikakata, na lami ikatokea chini ya magurudumu wakati ambapo nilikuwa nimeshaanza kusonya. Akacheka vile alivyokuwa akicheka tukiwa wadogo. Tukaenda hivyo, yeye akisema daraja, mimi nikipita daraja. Kisha akanyamaza. Sikumuuliza kama ni mzima. Nilimuuliza, "Mbele kuna nini?"

"Mlima," alisema. Halafu: "Dada, nataka kurudi. Tangu mwezi wa pili nataka kurudi. Kifua kinanibana na ule mvuke, na mkataba ukiisha mwezi wa sita wanataka nisaini tena. Naona aibu. Nilisema nikirudi nitakuwa nimemjengea mama nyumba, na sina hata mlango. Nitafikia wapi?"

Mama mkwe alikuwa ameketi nyuma yangu na Bosi, akainama juu ya bega langu mpaka mdomo wake ukafika kwenye maiki.

"Wewe mtoto. Usisaini."

"Nani huyo?"

"Mama mkwe wake. Mimi mvua zikiisha naondoka, kitanda ninacholalia kitakuwa wazi. Uje. Mlango utautafuta ukiwa hapa."

Baba Bosi alikuwa mlangoni, kucha zake zina rangi ya kijani leo. Nilimtazama. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, akatuachia chumba.

Mdogo wangu alikuwa analia. Alisema haoni barabara, macho yamejaa.

"Basi egesha pembeni," nikamwambia. "Nakuja ulipo. Nitajie tu kona zilizobaki."

"Kulia, halafu kushoto, halafu moja kwa moja mpaka unione."

Mbele yangu hapakuwa na kitu. Nikakata kulia.